Figo za Mke Mkubwa

Kahiga alianza kuuza nyama pale Chaka wakati barabara ya Nanyuki ilikuwa bado nyembamba, na katika maisha yake aling'oa figo nyingi kuliko daktari yeyote. Alizing'oa kwa vidole. Aliingiza mkono ndani ya mbuzi aliyening'inia, akafuata mafuta, akavuta kidogo, na figo ikatoka inang'aa kama jiwe la mtoni. Kwa hivyo zake mbili zilipoanza kufa, watu wa Chaka hawakukosa la kusema.

"Mbuzi wameenda kortini wakashinda kesi," walisema, tena wakiwa papo hapo kwa bucha yake, wakingoja kondoo aive.

Kahiga mwenyewe alicheka. Alikuwa amevimba miguu na uso umekuwa rangi ya majivu, lakini alicheka.

Nyumbani kwake kulikuwa na wake wawili, Wachuka na Nduta, na kulikuwa na sheria. Mbuzi akichinjwa kwa ile boma, kila mtu ana kipande chake na hakuna kuuliza. Kichwa ni cha wazee. Mbavu ni za wageni. Ini linagawanywa kwa kila mtu. Figo, zote mbili, ni za mke mkubwa. Sijui nyumba zingine, kila boma ina mambo yake, lakini kwa Kahiga ilikuwa hivyo tangu mama yake. Yule mama alikula figo mpaka akazikwa, na Wachuka akarithi sahani.

Nduta alipoolewa kutoka Kangari, kule kwenye majani chai, aliuliza mara moja tu: "Na hizo ni za nani?"

"Ni za mwenyewe," Wachuka akamjibu, akatia chumvi.

Hakuuliza tena. Lakini Wachuka alihakikisha kwamba kila Krismasi anakula zile figo pole pole, ameketi mahali Nduta anaweza kumwona vizuri.

Usifikirie walikuwa wakipigana. Wake wenza wanaopigana ni wale wachanga. Hawa walisalimiana vizuri, wakachukuliana watoto, wakaenda kanisa moja na kukaa benchi moja, katikati yao nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Hata jina waligawana. Kwetu kila nyumba huanza majina upya, kijana wa kwanza hupewa jina la babu yake, na kwa sababu baba ya Kahiga alikuwa Wahome, kila mke alizaa Wahome wake. Ukisimama kwa lango uite "Mama Wahome!" milango miwili inafunguka. Wachuka alikuwa hajapenda hilo jambo tangu lianze. Yeye ndiye aliyekuwa Mama Wahome kwanza.

Sasa ugonjwa. Kahiga alipelekwa mara mbili kwa wiki kwa mashine ya kusafisha damu huko Nyeri mjini, na akirudi alikuwa kama shati lililokamuliwa. Alikatazwa ndizi, akakatazwa parachichi, akakatazwa maharagwe, na maji ya kunywa akapimiwa kama dawa. Viazi, ambavyo ndivyo chakula cha Kieni kwetu, vilikuwa lazima vikatwe vidogo, vilowekwe, vichemshwe, maji yamwagwe, vichemshwe tena. Hiyo kazi Wachuka aliichukua na hakumwachia mtu. Nduta akishika sufuria, Wachuka alimwambia, "Wacha, utamuua na hiyo haraka yako."

Mwisho daktari akasema mashine si maisha. Kama kuna mtu wa familia anaweza kumpa figo moja, akiwa mzima, apimwe.

Vijana wawili, Wahome wote, walisimama kabla daktari hajamaliza. Kahiga akawakalisha.

"Mimi sili kwa sahani ya mtoto," akasema. "Nyinyi mna watoto wadogo. Ketini chini."

Basi wake wakasimama. Wachuka alikuwa wa kwanza, na hilo ulishike vizuri kwa sababu litakuja baadaye. Nduta alikuwa bado anatafuta kiatu chini ya benchi wakati Wachuka alikuwa tayari amekunja mkono wa sweta.

Walipimwa damu, wakapimwa mkojo, wakapigwa picha za tumbo, katika hospitali moja kubwa huko Nairobi ambayo sitaitaja, kwa maana haina makosa. Siku ya majibu muuguzi akaja mlangoni na kuita, "Mama Wahome!"

Wakaenda wote wawili.

"Mama Wahome mkubwa," akasema daktari, "wewe una presha, na sukari imeanza. Hizo figo zako unazihitaji mwenyewe. Hatuwezi kukufungua." Kisha akageuka kwa Nduta na uso wake ukafunguka kama dirisha. "Lakini huyu! Huyu damu yake na ya mzee zinaelewana ajabu. Ni kama walitengenezwa pamoja."

Kama walitengenezwa pamoja. Hilo neno lilimwingia Wachuka likakwama kama mfupa wa samaki. Hapo hapo akamwona Kahiga, mzee mwenye macho yaliyovimba, akimtazama Nduta jinsi alivyomtazama siku ile alipomleta kutoka Kangari na mkoba mmoja.

"Umesikia?" Kahiga akamwambia Nduta, sauti ndogo.

"Nimesikia," Nduta akasema. "Si waitoe basi, tunangoja nini?"

Akasema hivyo, kama mtu anayeombwa kuazima kijiko.

Tangu siku hiyo Wachuka aliishi na wivu ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga. Ati Nduta asibebe maji. Ati Nduta asiende shamba, upepo wa mlima utampiga kifua na upasuaji uahirishwe. Ati blanketi ile nzito, ile ambayo Wachuka alinunuliwa alipozaa, apewe Nduta ajifunike. Wachuka akabeba maji. Aliyabeba kwa kelele, akagongesha mitungi pale mlangoni pa mwenzake ili kila mtu ajue ni nani anayeyabeba.

Kanisani ikawa mbaya zaidi. Mchungaji alisimama akaomba kwa ajili ya "mama huyu aliyejitolea mwili wake kwa ajili ya mume wake", na kina mama wakageuka wote kumtazama Nduta, wengine wakafuta macho. Hakuna aliyemwombea mtu anayeloweka viazi.

Rafiki yake Njoki, mwenye duka la kitambaa pale Chaka, alimkuta amenuna nje ya kanisa.

"Sasa wewe unanuna nini? Mume wako atapona."

"Atapona, ndiyo," Wachuka akasema. "Na yule atakuwa ndani yake. Njoki, fikiria. Mzee akija kwangu kunywa chai, yule pia amekuja. Akilala kwangu, na yule amelala. Miaka hii yote tumegawana zamu vizuri, sasa hata kwa zamu yangu atakuwepo!"

Njoki alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Basi uwe unamsalimia. Useme, mzee habari, na Nduta habari."

"Cheka tu. Wako hajawahi kuingiliwa."

Kabla ya upasuaji kulikuwa na jambo moja ambalo Kahiga alisema lazima lifanyike. Mwanamke hafunguliwi tumbo kwao wakiwa hawajui. Hata kama ameolewa, hata kama ni bibi mwenye wajukuu, ule mwili ulitoka mahali na pale mahali panaambiwa. Kwa hivyo Kahiga alichagua mbuzi dume, mweupe bila doa, na wakaenda Kangari yeye na wake wake wote wawili. Wachuka ndiye aliyemshika mbuzi kwa pembe akimpandisha kwa pikapu. Mbuzi alimkojolea kiatu. Akaona hiyo ni sawa tu na mambo mengine ya wakati huo.

Kaka ya Nduta, Hezekiah, mzee mrefu mwenye mikono myeusi kwa utomvu wa majani chai, aliwapokea kwa uji.

"Kahiga," akasema, "ulikuja hapa zamani ukachukua msichana mzima. Sasa unarudi kuniambia unataka kumtoa kipuri."

"Gari ni moja," Kahiga akasema. "Kipuri kinatoka upande huu kinaingia upande huu."

"Na wewe mama mkubwa, unasemaje?" Hezekiah akamgeukia Wachuka.

"Mimi nitasema nini? Mimi ni dereva wa mbuzi."

Wakacheka. Mbuzi akachinjwa, wazee wakabariki kwa mate na maneno, Hezekiah akamwekea dada yake mkono kichwani akasema, "Nenda, mama, urudi." Na wakati wa kuondoka Hezekiah alikata mguu mmoja wa mbele, akaufunga kwa majani ya mgomba, akaurudisha kwenye pikapu pamoja na ngozi. Hivyo ndivyo inavyofanywa. Nyama ya mbuzi wa heshima hailiwi yote upande mmoja. Wachuka aliupakata ule mguu njia yote mpaka Chaka, na alikuwa na nafasi ya kufikiria, na hakufikiria mazuri.

Kabla ya kumfungua mtu, hospitali hutaka kuzungumza na familia, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Aliyezungumza nao alikuwa msichana mpole mwenye miwani, jina lake Tabby. Alikuwa na kaofisi kadogo, na mezani boksi la karatasi za kufutia machozi, tayari kwa wanaolia. Wachuka aliketi akaliangalia lile boksi kwa dharau.

"Mama, mimi sitibu mtu," Tabby akasema. "Kazi yangu ni kujua kama yule anayepeana figo anapeana kwa hiari yake. Kwamba hakulazimishwa, na hakulipwa. Figo haiuzwi. Tukisikia kuna malipo, tunasimama."

"Kulipwa!" Wachuka akasema. "Sisi ni watu wa kanisa, mwanangu."

"Asante, mama."

Na hapo angeinuka aende nyumbani. Kiti kilikuwa kimeanza hata kulia akiinuka. Lakini kwa dirisha la mlango akamwona Nduta kwenye benchi la nje, amejifunika ile blanketi, yake yeye Wachuka, na Kahiga amemwegemea bega amesinzia.

Wachuka akaketi tena.

"Labda tu yule mbuzi," akasema.

Tabby akainua kalamu. "Mbuzi gani?"

"Si kitu. Mbuzi mweupe. Amenona, wa kubebwa na watu wawili. Alipelekwa kwao Kangari."

"Kwa nini?"

"Kwa hii maneno ya figo."

"Alipelekwa kabla mama hajakubali kupeana, ama baada?"

Ilikuwa baada, na Wachuka alijua ilikuwa baada jinsi alivyojua jina lake. Nduta alikubali akitafuta kiatu, na mbuzi wakati huo alikuwa bado anakula mahindi ya jirani. Lakini akainua macho akatazama dari, akaguna.

"Kabla, baada... Mwanangu, mimi ni mzee. Kichwa hii siku hizi inachanganya mambo."

Uzee ni kitu kizuri sana. Unauvaa ukitaka na unauvua ukitaka.

Kitu alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka Nduta aitwe ndani, aulizwe maswali magumu, atoke amenyong'onyea, kina mama wa kanisa wasikie kwamba hata mtakatifu alikuwa na mbuzi. Basi. Lakini hospitali haijui kufanya kidogo. Kesho yake daktari aliwaita wote watatu akasema kamati imesimamisha upasuaji. Kumesikika habari ya malipo. Itachunguzwa. Mpaka hapo, mzee arudi kwa mashine.

"Malipo gani?" Nduta akauliza. "Nani amenilipa?"

Daktari akasema hawezi kusema zaidi.

Walirudi Chaka. Kahiga aliona ni maneno ya watu wa Kangari, kwamba Hezekiah amejisifu mahali akinywa na mtu mbaya. Nduta hakusema ni nani. Alikunja ile blanketi akairudisha kwa kitanda cha Wachuka, imekunjwa vizuri, pembe kwa pembe. Wachuka alipoipata pale hakujisikia kama mtu aliyeshinda.

Na mashine ikaanza kumkataa Kahiga. Mshipa wa mkono wanaopitishia damu uliziba, wakaufungua, ukaziba. Wakamtoboa shingoni. Akawa analala ameketi kwa sababu akilala chini anazama ndani ya maji yake mwenyewe. Maji ya kunywa aliyapima kwa kifuniko cha chupa. Alikitia, akakitazama, akakinywa kama chang'aa, halafu akalamba kifuniko. Wachuka aliloweka viazi mara tatu badala ya mara mbili, akavipeleka, na Kahiga akala kimoja kwa heshima.

Kisha siku moja adhuhuri, jua limetoka na mlima umevua kofia yake ya mawingu, Wachuka akamwona ameketi nje ya nyumba na visu vyake vyote vya bucha kwenye gunia. Alikuwa anavinoa. Ananoa, anapumzika, ananoa tena.

"Unaenda kazi?" Wachuka akamuuliza.

"Nagawa," Kahiga akasema.

Panga la mifupa aliliweka upande wa Wahome mkubwa. Kisu kirefu cha kuchuna, upande wa Wahome mdogo. Kila kimoja akakifuta kwa kitambaa. Mwisho akabaki na kile kidogo, kilicholiwa na jiwe mpaka kikawa chembamba kama jani la kitunguu, akakigeuza mpini akamnyooshea Wachuka.

"Hiki ni chako. Hiki ndicho nilikuwa nakutolea nacho figo zako kila Krismasi. Vijana watakuwa wanapasua vibaya. Uwe unakata mwenyewe."

Wachuka hakukishika.

"Weka hapo," akasema. "Weka hapo chini. Mimi siku zote natoa figo kwa sahani, si kwa mbuzi."

Akaingia ndani, akavaa koti la kanisa, akapita mlangoni kwa Nduta.

"Wewe mtu wa Kangari. Vaa viatu. Tunaenda Nairobi."

"Kufanya nini?"

"Kutoa mbuzi kwa hospitali."

Nduta alimtazama sana. Halafu akavaa viatu. Njiani Nduta alimnunulia chai Karatina, na Wachuka akainywa, ikamchoma.

Tabby alikuwa na kazi nyingi lakini aliwaingiza. Wachuka alisema Nduta akae hapo hapo asikie, kwa sababu hana nguvu ya kusema mara mbili.

"Yule mbuzi alikuwa baada," akasema. "Huyu alishakubali kitambo. Mbuzi ni desturi, mwanamke hafunguliwi tumbo kwao hawajaambiwa. Andika hivyo tumalize, mzee anaisha."

Tabby alivua miwani. "Mama, juzi ulisema umesahau. Leo umekumbuka. Mimi nitajuaje kwamba leo hujatumwa? Kamati itaniuliza hivyo hivyo."

Hilo Wachuka hakuwa amelifikiria. Alifikiri maneno yakitoka kinywani mwake, ukitaka unayarudisha kinywani, kwisha. Akatazama boksi la karatasi. Akamtazama yule msichana.

"Umeolewa?"

"Bado, mama."

"Basi nitasema pole pole." Akavuta kiti. "Mimi nilisema vile kwa sababu ya wivu."

Tabby akaweka kalamu chini.

"Sikiliza. Mzee akinunua ng'ombe, mimi naona ng'ombe wivu? Akilipa fundi ajenge choo, naona fundi wivu? Kitu imelipiwa haina wivu, inaisha hapo kwa mkono. Kama ningejua huyu amelipwa mbuzi, ningekuwa nimelala usingizi wa mtoto mchanga! Ningekuwa nasema, aa, ni biashara, mzee amenunua, na mimi ni mama mkubwa. Lakini huyu anatoa bure. Mimi nilikunja sweta kwanza. Kwanza, muulize daktari! Mkono wangu ulikuwa wa kwanza ukarudishwa, wake ulikuwa wa pili ukachukuliwa. Na hakuuliza atapewa nini. Alisimama akiwa bado anatafuta kiatu, na majibu yalipokuja akasema, si waitoe. Mwanangu, hicho ndicho kilinikula. Nimekaa na huyu mtu nikimfichia hata figo ya mbuzi, na yeye anatoa yake kama chumvi. Sasa ukisema alilipwa, uniapie ni kweli, kwa sababu nikiamini hivyo mimi nitapona leo."

Mahali fulani kitoroli cha chakula kilipita nje kikilia.

"Na kama unataka ya kuonekana," Wachuka akaongeza, ametulia kidogo, "mpigie kaka yake simu, Hezekiah. Umuulize nani alirudi na mguu wa mbele na ngozi. Tulirudi nao sisi. Wewe umeona wapi mtu amelipwa halafu anarudisha mguu?"

Tabby alirudisha miwani polepole. Akamgeukia Nduta. "Mama, ulikuwa unajua ni yeye alisema?"

"Nilijua," Nduta akasema. "Habari ya mbuzi tulikuwa nayo watu wachache, na mbuzi mwenyewe hakuhojiwa."

"Na hukumwambia mzee?"

"Nimwambie ili apate presha pia? Figo imemtosha." Nduta akavuta leso. "Mimi sitafuti kusifiwa. Nimechoka kumwona mtu mzima akilamba kifuniko ya chupa. Niko na mbili. Hiyo tu."

Tabby alimtoa Wachuka nje akabaki na Nduta muda mrefu. Siku zilizofuata walimpigia Hezekiah, wakamwita na Kahiga, wakauliza hili na lile, mpaka Hezekiah akauliza kama mbuzi pia anahitajika afufuliwe aseme yake. Mwisho kamati ikafungua njia.

Siku ya upasuaji Nduta aliingizwa kwanza, Kahiga baadaye kidogo. Wachuka aliachiwa kila kitu: koti la huyu, kofia ya yule, viatu vinne, meno ya Kahiga yamefungwa kwa kitambaa. Alikaa benchi lile lile na ule mzigo mapajani. Akajaribu kuomba. Alipofika mahali pa kumtaja Nduta akakwama, akaanza upya, akakwama, mwishowe akasema, "Na yule mwingine pia, unamjua."

Mlango ukafunguka. "Mama Wahome!"

Akainuka peke yake. Ilikuwa mara ya kwanza tangu zamani, na hakuona utamu wowote.

"Wote wako sawa," muuguzi akasema akitabasamu. "Mama anaamka. Na ile figo, tulipoiunga tu, ikaanza kutoa mkojo hapo hapo mezani!"

"Ina haraka," Wachuka akasema. "Kama mwenyewe." Halafu akachukua karatasi kwa meza ya muuguzi bila kuuliza, akapangusa pua, na kwa muda hakuna aliyeweza kumwelewa alichokuwa anasema.

Kahiga alipotulia na daktari akamruhusu kukaa na watu wachache, vijana walichinja mbuzi nyumbani. Kahiga aliketi mbali na moshi, amevaa barakoa, rangi imerudi usoni, na kikombe cha maji mkononi, kikombe kizima. Alikunywa bila kupima. Hakuruhusiwa kukaribia kichinjio, kwa hivyo alipiga kelele kutoka kitini, "Wewe Wahome, si hapo! Fuata mafuta!" na Wahome wote wawili wakajibu.

Wachuka akawasukuma. Alikuwa na kile kisu chembamba. Akakata figo zote mbili mwenyewe, akazichoma, akaweka kwenye sahani na chumvi, na sahani akaiweka mahali pake pa siku zote, mbele yake, ambapo Nduta anaweza kuona vizuri. Nduta alikuwa ameketi ameegemea mto, ameshika ubavu.

Wachuka alikula moja. Polepole, kama Krismasi. Nyingine akaitazama. Akaizungusha kwa kisu. Akatazama mlima, ambao siku hiyo ulikuwa umejificha kabisa.

"Chukua," akasema, akisukuma sahani. "Wewe umebaki na moja. Hii ikuwe ya pili."

Nduta akaanza kucheka, akashika mshono. "Mama mkubwa, usinichekeshe, nitapasuka!"

"Kula kabla sijabadilisha."

Nduta akaichukua. Akaipuliza, akaitia chumvi, akatafuna, akimtazama Wachuka usoni. Akatafuna tena. Akameza.

"Hii ndiyo ulikuwa unanificha?" akasema. "Miaka yote hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Lakini haina kitu! Ini ni tamu kuliko hii."

Wachuka alisimama. Uso ulimbadilika. Kama kuna jambo lililomuuma katika ugonjwa wote ule, nafikiri lilikuwa hilo.

"Rudisha!"

"Imeshapeanwa," Nduta akasema, akilamba chumvi kwa vidole. "Ikishapeanwa hairudi. Muulize mzee."

Na kule kitini, nyuma ya barakoa, Kahiga aliinua kikombe chake cha maji, akanywa, akajifanya hakusikia.